Ngoma Haiwi Yetu kwa Kutazamwa

Mwaka 1998, nikiwa kijana katika ofisi ya utamaduni ya wilaya moja ambayo jina lake sitalitaja, niliandika barua ya kuwakatalia watu ukumbi. Waombaji walikuwa wazee wawili wastaafu, mmoja karani wa stesheni na wa pili mwalimu, pamoja na mama mmoja muuguzi aliyekuwa bado kazini. Nyuma yao walikuwako vijana 18. Waliomba ukumbi wa zamani wa welfea kwa saa mbili kila Jumatano jioni ili wafundishane dansi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ili walicheze walilojifunza. Waliahidi kufagia, kulipa umeme na kufunga milango saa nne usiku. Niliwajibu kwa sentensi moja ambayo siku zile niliiona nzito: ombi lao halikubaliki kwa kuwa dansi la kizungu si sehemu ya utamaduni wa taifa. Mkubwa wangu alitia sahihi, akanisifu kwa Kiswahili safi.

Tangu siku ile hadi nilipohamishwa, miaka minne baadaye, ukumbi ule haukuchezwa ngoma ila mara tatu, na mara zote tatu yalikuwa mazoezi ya kumpokea mgeni rasmi. Siku zilizobaki ulihifadhi viti vilivyovunjika na magunia ya mbegu. Hivyo nililifukuza dansi, na mahali pake sikuingiza kitu. Naandika makala haya kwa sababu barua kama ile zingali zikiandikwa, na waandishi wake ni vijana walionizidi elimu, na hoja yao ni ile ile niliyoitumia mimi. Nataka kuipinga, na nitaanza kwa kuipinga katika kinywa changu mwenyewe.

Hoja hiyo husema hivi: kila mchezo una kwao, kwao walzi na foksitroti ni Ulaya, basi mwenye kuucheza mchezo wa Ulaya amejivua uenyeji wake. Husemwa kwa ukali, na kwa kuwa nyuma yake kuna uchungu wa kweli wa kutawaliwa, wengi huogopa kuigusa. Hebu basi twende huko huko wanakosema dansi limetoka, tuulize habari zake.

Walzi haikuzaliwa katika majumba ya wafalme. Ilikuwa ngoma ya wanavijiji wa Austria na wa kusini mwa Ujerumani. Ilipochezwa katika dhifa ya mtawala wa Uingereza mwezi Julai 1816, gazeti la The Times la London liliilaani kuwa ni mchezo wa kigeni usio na heshima, na likawaonya wazazi juu ya binti zao. Maneno hayo tunayafahamu. Tumezoea kuyasikia kwa Kiswahili. Tango ilitoka katika mitaa ya maskini ya Buenos Aires na Montevideo, ambako wazao wa watumwa wa Kiafrika walikaa pamoja na wahamiaji. Foksitroti ilienea Marekani mwaka 1914, na aliyewapigia muziki Vernon na Irene Castle, mume na mke walioisambaza sana, alikuwa kiongozi wa bendi mwenye asili ya Afrika, James Reese Europe. Rumba na chachacha ni za Kuba, samba ni ya Brazili, na hakuna mwanafunzi asiyejua ni akina nani waliovushwa bahari kwa minyororo hadi nchi hizo. Ukiyapanga madansi kumi yanayoshindaniwa leo katika mashindano makubwa ya dunia, hutapata hata moja ambalo Mwingereza aweza kulidai bila kuwashukuru watu wengine.

Walifanyaje basi Waingereza, hata dunia nzima ikawaendea wao kujifunza? Walifundisha. Chama chao cha walimu wa dansi kilianzishwa London mwaka 1904, na mwaka 1924 kikafungua tawi la madansi ya ukumbini. Walimu wakaketi, wakazihesabu hatua, wakazipa majina, wakaweka mitihani. Victor Silvester, aliyeshinda ubingwa wa dunia mwaka 1922, alitoa kitabu chake cha mafunzo mwaka 1927, kikachapwa tena na tena. Walipoitaka rumba, mwalimu mmoja wa London aliyejulikana kwa jina la Monsieur Pierre alikwenda Havana mwaka 1947, akawa mwanafunzi wa Wakuba, akarudi akaisomesha. Na chini ya walimu hao vikaota vyama vidogo katika miji midogo: somo mara moja kwa juma, dansi mara moja kwa mwezi, ada ndogo, na mzee wa kupokea watu mlangoni.

Hapo ndipo nataka msomaji asimame kidogo. Asili ya mchezo haikuwa mali yao. Mali yao ilikuwa somo la kila juma na Jumamosi ya kila mwezi. Kwa mali hiyo waliugeuza mchezo wa watu wengine ukawa wao, ilhali sisi tuliokuwa na michezo yetu wenyewe tumeiacha iwe ya wageni rasmi.

Wala wazee wetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa walitazama bendi za askari wa Kizungu, wakatoa humo ngoma yao, wakaiita beni. Beni ilikuwa na vyama, Marini na Arinoti. Vyama vilikuwa na vyeo, michango, sare, na wajibu wa kumzika mwenzao akifa. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 wakaisambaza Tanganyika nzima. Mjukuu mmoja wa ngoma hiyo yuko pwani ya Ziwa Nyasa, naye ni mganda. Nenda Mbamba Bay uwaone wanaume waliovaa nguo nyeupe, wamejipanga mistari, wanakwenda kwa mapigo ya ngoma kubwa na milio ya vibuyu. Leo mganda hupelekwa mbele ya watu kuwa ni ngoma ya asili ya Wanyasa, na ni haki yao kabisa. Lakini babu yake ni gwaride la askari wa mkoloni. Sijapata kumwona ofisa aliyewaandikia Wanyasa barua niliyowaandikia mimi wale wazee.

Usukumani nako, Wagika na Wagalu wameshindana kwa vizazi baada ya mavuno, na hakuna ajifunzaye kucheza siku ya shindano. Hujifunza kabla, kwa manju wake. Pwani, wanawake wa lelemama walikuwa na viongozi, siku za kukutana na fedha za chama. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, na mwaka 1955, TANU ilipotaka wanawake, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam. Hakuhitaji kuwakusanya watu upya, maana ngoma ilikwisha kuwakusanya. Kama vikundi vile vingekuwa vya kutazamwa jukwaani tu, sijui TANU ingebisha hodi kwa nani.

Najua nitakumbushwa hotuba ya Mwalimu Nyerere. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, aliposema ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwa masikitiko kwamba wengi wetu tumejifunza rumba na chachacha, na hata walzi na foksitroti, lakini ni wachache waijuao gombe sugu, kiduo au lelemama. Hotuba hiyo imegeuzwa rungu la kulipigia dansi. Mimi mwenyewe nililishika rungu hilo mwaka 1998. Lakini isome tena kwa makini: kilichomsikitisha Mwalimu ni kutojua kwetu. Na dawa ya kutojua ni mafunzo. Hakuna mtu aliyejua gombe sugu kwa sababu mwenzake alikatazwa foksitroti.

Sisi watumishi tulifanya nini? Miaka ya 1960 kiliundwa kikundi cha ngoma cha taifa, kikasafiri, kikapigiwa makofi. Sikikejeli, kilipokwisha kuvunjwa na Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, ujuzi mwingi uliokolewa humo. Ila kazi tuliyowaachia wananchi ilikuwa kuketi. Sindimba iliyokuwa ya watu wote kijijini ikawa ya watu 12 jukwaani. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Hatukuambiwa vijana waliofukuzwa huko waende wapi Jumamosi jioni kujifunza mdundiko, na nani atawafundisha. Tukakataza kwa tarehe, na kufundisha tukakuacha bila tarehe.

Hapo hapo serikali na mashirika yake yakawa ndiyo mlezi mkuu wa dansi! NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Majeshi yakawa na bendi zake. Mlimani Park ikaanzishwa mwaka 1978, na baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Rumba ile ikaimbwa kwa Kiswahili ambacho mshairi kama mimi hukionea wivu. Kongo zote mbili zilikwenda UNESCO, na mwezi Desemba 2021 rumba yao ikaandikwa katika orodha ya urithi wa binadamu, rumba iliyorudi Afrika ndani ya santuri za Kuba. Hawakuona haya kuidai. Sisi bado tunajadiliana kama dansi ni letu.

Nije sasa kwa jambo nilijualo kwa karibu kuliko vitabu. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa chama cha ushirika katika mji wa reli, na miaka ya 1950 alikuwa katibu wa chama cha dansi. Aliniachia daftari. Limeandikwa kwa mwandiko wa wino wa bluu, na nimelisoma mara nyingi kuliko diwani zangu. Somo lilikuwa Jumanne na Alhamisi baada ya kazi. Mwanachama akichelewa robo saa alitozwa senti 50, na katibu mwenyewe ameandikwa humo mara sita. Hawakuwa na bendi katika masomo. Walikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na mtoto mmoja alilipwa kwa maandazi ili aizungushe santuri isije ikalegea katikati ya walzi. Mwalimu wao alikuwa mhudumu wa hospitali aliyejifunza Dar es Salaam. Aliwapanga wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, wakatembea peke yao kwa juma zima, moja, mbili, tatu, kabla ya mtu kuruhusiwa kumshika mwenziwe mkono.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mishahara ilipokwisha kutoka, walinyunyiza poda sakafuni ili viatu viteleze, wakawasha karabai. Kiingilio kililipwa mlangoni na kuandikwa. Nusu ya kwanza ya jioni ilikuwa ya wanafunzi, hata wale wabaya. Waliokuwa stadi walikatazwa kuchukua wenzi stadi, sharti wawachukue wale wanaokosea. Sharti hilo limepigiwa mstari wino mwekundu. Mwezi mmoja fedha za mlangoni hazikutimia, na ukurasa mzima umejaa maswali aliyoulizwa mweka hazina mpaka zikaonekana. Watu hao hao, baada ya miaka michache, ndio waliokuwa makatibu na waweka hazina wa matawi ya TANU katika mji ule. Siwezi kuapa kwamba dansi ndilo lililowafunza. Nasema tu kwamba walijua kuandika mahudhurio na kumbana mwenye fungu la fedha kabla siasa haijawaita.

Lakini nisimsifu baba yangu kupita kiasi. Daftari lile lina ukurasa unaoniaibisha. Asiye na tai hakuingia. Asiye na viatu hakuingia, na katika mji ule wa miaka ile wasio na viatu walikuwa wengi kuliko wenye viatu. Mpagazi wa stesheni aliyetaka kujiunga alijibiwa kwamba nafasi zimejaa, na juma lililofuata waliandikishwa makarani wawili. Katika mkutano mmoja mwanachama alisema kwamba ngoma za uswahilini zinapigwa karibu mno na ukumbi na zinawaharibia ustaarabu wao, na hakuna aliyempinga, wala baba hakumpinga. Hiyo ndiyo kasumba, na kama barua yangu ya mwaka 1998 ingalikuwa imeandikwa dhidi ya ukurasa huo, ningaliitetea hata leo. Kosa lilikuwa mlangoni. Ndani ya ukumbi, katika kuhesabu hatua na kumvumilia asiyejua, sikuoni kosa.

Wapo watakaosema: mambo ya tai na ada yaweza kurekebishwa, lakini mwanamume na mwanamke kushikana viuno mbele ya watu hakurekebishiki. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa nyingine hutoka katika dini, na mtoto ambaye wazazi wake wanakataa jambo hilo kwa imani yao asilazimishwe na mwalimu yeyote. Kwa huyo ziko ngoma za wanaume peke yao na za wanawake peke yao, na utajiri wake hauishi. Kwa wengine nauliza: vijana wetu wasipofundishwa kukaribiana kwa adabu, je, hawakaribiani? Katika somo la dansi mvulana hufundishwa kwenda mbele ya msichana, kuinama, na kuomba. Hufundishwa pia kwamba msichana akisema hapana, arudi akaketi bila kununa. Mkono wake una mahali pake, na mwalimu anatazama. Taja mahali pengine katika mji wako ambapo mvulana wa miaka 16 anafundishwa jambo hilo waziwazi, mbele ya watu wazima, kila juma.

Nanyi walimu, ambao ndio hasa ninaowaandikia, msiniambie hakuna nafasi katika ratiba. Siombi somo jipya wala mtihani. Shule zetu zina vikundi vya ngoma, navyo hufanya vizuri katika mashindano ya UMISSETA. Lakini kikundi cha watu 20 katika shule ya wanafunzi 800 maana yake ni kwamba 780 wamefundishwa kupiga makofi. Naomba saa moja na nusu ya alasiri moja kwa juma, na Jumamosi moja kwa mwezi. Mwiteni bibi wa kijiji afundishe chakacha kwa wasichana, mzee wa mganda awapange wavulana, na kama yuko mstaafu ajuaye walzi au rumba ya zamani, naye aitwe, asiulizwe cheti cha uzalendo mlangoni. Andikeni mahudhurio. Wekeni lile sharti la wino mwekundu, kwamba anayejua acheze na asiyejua. Nguo ziwe zile zile za shule, na miguu mitupu iruhusiwe. Muziki si tatizo tena, kwa kuwa simu moja na spika moja vinazidi gramafoni ya baba na yule mtoto wa maandazi.

Mtaniuliza kwa nini dansi liingie hapo, nisitosheke na ngoma zetu. Jibu langu la kwanza nimekwisha litoa: miaka sabini na zaidi ya Waswahili na Wabantu wengine kulicheza, kuliimbia na kulitungia mashairi inatosha kulipa uraia. La pili ni la ubinafsi wa mtu wa ofisi. Nimeona katika kazi yangu kwamba mahali palipo na chama chochote cha watu wanaokutana kucheza, hata wawe wanacheza nini, ngoma ya jirani hupata mlango wa kuingilia. Mahali pasipo na chama, hata ukituma fedha kutoka makao makuu, huzunguka zikanunua sare.

Mwaka uliopita nilirudi katika ile wilaya kwa shughuli nyingine. Ukumbi wa welfea umepakwa rangi, hukodishwa kwa harusi, kwa bei ambayo chama kidogo hakiiwezi. Nikaambiwa kwamba wale wazee wawili wamefariki dunia, ila yule muuguzi yupo, na kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi hufundisha watu dansi katika ua wa nyumba yake, chini ya mwembe, juu ya sementi aliyoimwaga kwa kiinua mgongo chake. Nilikwenda. Walikuwapo watu wapatao 30, wengine vijana wa bodaboda waliokuwa wameegesha pikipiki zao ukutani. Nilimwamkia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Wewe si ndiye uliyetuandikia barua?”

Nilikiri. Hakusema zaidi juu ya jambo hilo. Alimpa ishara kijana wa spika, akanyosha mkono, akanieleza kwamba katika foksitroti mwanamume huanza na mguu wa kushoto. Nilianza na wa kulia, naye akasimamisha muziki, akasema turudie.